Ushuhuda na Kumbukumbu za Utoto: Uhakiki wa Masimulizi ya Imani katika Sharika Zetu

Ukiacha mahubiri yenyewe, hakuna utanzu wa fasihi unaosikika mara nyingi katika sharika zetu kuliko ushuhuda. Mkristo anasimama mbele ya wenzake, anawasalimu katika jina la Bwana, anasimulia nyumba aliyozaliwa, mambo aliyotenda, na jinsi Mungu alivyomshika mkono. Masimulizi hayo husikika katika mikutano ya Uamsho, katika jumuiya za nyumba kwa nyumba, katika makongamano ya vijana na ya akina mama, na siku hizi hata redioni na katika simu za mkononi. Pamoja na hayo, wanafunzi wa theolojia hufundishwa kuhakiki mahubiri, na hufundishwa kuyachambua Maandiko kwa mbinu za kila aina, lakini ushuhuda hupokelewa kwa "Amina" ukaachwa upite. Yamkini ni kwa sababu ya heshima: ni nani atakayethubutu kuyapima yale ambayo Mungu amemtendea jirani yake? Nasi hatukusudii kuhakiki matendo ya Mungu. Tunakusudia kuhakiki usimulizi wake, kwa maana usimulizi ni kazi ya mwanadamu, una umbo lake na mazoea yake, na kama kazi zote za wanadamu unaweza kuidhihirisha kweli au kuificha.

Umbo la ushuhuda linajulikana na kila mmoja wetu. Kwanza salamu, kisha jina, kisha siku ya kuokoka, mara nyingi pamoja na mwaka na mahali. Baada ya hapo hufuata maisha ya kwanza, yaani orodha ya dhambi: pombe, wizi, uzinzi, ushirikina, hasira. Kisha siku yenyewe inaelezwa kwa urefu, na mwisho maisha mapya, pamoja na ombi la kuombewa. Ni umbo zuri kwa namna yake. Ni jepesi kukumbukwa, linamwezesha hata asiyejua kusoma kusimama mbele ya askofu na kusema, na linampa msikilizaji mahali pa kusubiri na mahali pa kushangilia. Mashaka yetu hayahusu umbo zima bali sentensi moja ndani yake, ambayo tumeisikia mara nyingi kiasi kwamba twaweza kuitamka kabla ya msemaji: kwamba alizaliwa katika nyumba ya Kikristo, akabatizwa na kupata kipaimara, lakini huo ulikuwa Ukristo wa jina tu.

Tuitazame sentensi hii kwa makini. Ndani yake kuna miaka kumi na mitano, au ishirini, ya maisha ya mtu. Kuna mama aliyewaamsha watoto kabla ya jogoo wa pili ili wasali pamoja kabla hajaenda shambani. Kuna bibi aliyejua nyimbo za kitabu kwa moyo ingawa hakujua herufi. Kuna baba aliyemsikiliza mtoto akikariri Amri Kumi huku akipalilia migomba, na kumrudisha mwanzo alipokosea ile ya nane. Yote hayo yamefungwa katika maneno machache na kutupwa. Naye msemaji hakukusudia kuwadharau wazazi wake. Ukikaa naye jioni, baada ya mkutano, atakusimulia habari zao mpaka moto uzimike, na atacheka na kulia. Kinachomnyang'anya kumbukumbu zake ni umbo. Umbo linadai giza kabla ya nuru, na pale ambapo giza halikuwa nene kiasi cha kutosha, msemaji analiongeza.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo, na ni haki tuseme hivyo. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanza Gahini nchini Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kufika kwetu Bukoba kabla ya muongo ule kwisha, ulikuwa na ushuhuda wenye uzito wa pekee. Watu walirudisha mali waliyoiba, walilipa madeni, walikwenda kwa majirani waliowakosea na kuwataja makosa kwa majina yake. Wamisionari wa Kizungu walisimama na kutubu kiburi chao mbele ya Waafrika, jambo ambalo katika ukoloni wa siku zile lilikuwa ajabu kubwa. Giza lililosimuliwa lilikuwa giza halisi, nalo lilikuwa na anwani: ng'ombe wa fulani, fedha za duka fulani, mke wa fulani. Tena wengi wa wale waliosimama hawakukulia katika nyumba za Kikristo, au wazazi wao walikuwa wabatizwa wa kizazi cha kwanza, na mpaka kati ya maisha ya kale na mapya ulionekana katika mavazi na chakula. Josiah Kibira, aliyekuwa Askofu wa Kaskazini Magharibi tangu 1964 na Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984, alikuwa mtoto wa Uamsho huo, na katika kitabu chake cha 1974 kuhusu Kanisa, ukoo na ulimwengu aliona kwamba ukoo si kitu ambacho Kanisa linaweza kukipita kana kwamba hakipo. Wajukuu wa kizazi kile leo wamezaliwa na wazazi waliobatizwa na babu waliobatizwa. Maisha yamebadilika, umbo la ushuhuda limebaki palepale.

Je, kuna hasara gani? Hasara ya kwanza ni ya mafundisho. Sisi Walutheri tunabatiza watoto wachanga, nasi tunakiri kwamba katika maji yale Mungu ndiye atendaye. Luther aliiandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, na sehemu zake kuu zina vichwa vinavyomwelekeza mkuu wa nyumba jinsi ya kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Maana yake ni kwamba kitabu chetu cha kwanza cha imani, baada ya Biblia, kiliandikwa kwa ajili ya sebule na jikoni kabla ya darasa. Na mafundisho yake juu ya Ubatizo ni kwamba mtu wa kale hana budi kuzamishwa kila siku kwa toba, na mtu mpya afufuke kila siku. Mwalutheri anayesema kwamba utoto wake wote ulikuwa jina tu anafuta kwa sentensi moja yale ambayo mchungaji wake aliyatamka juu ya kichwa chake, na kwa kawaida mchungaji yuleyule yupo, ameketi mstari wa mbele, anaitikia "Amina".

Hapa ndugu zetu wa Uamsho watatujibu kwamba Augustino naye aliandika hivyohivyo, maisha ya dhambi kisha bustani ya Milano. Tunawashukuru kwa jibu hilo, kwa maana Maungamo ya Augustino ndiyo kipimo kizuri kuliko vyote. Kati ya vitabu vyake kumi na vitatu, tisa vinasimulia maisha yake, na kitabu cha kwanza chote ni cha utoto. Askofu huyu wa Afrika ya Kaskazini, aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, hakuridhika kuusema utoto kwa sentensi moja. Anaanza na uchanga asioukumbuka, ambao anakiri kwamba aliujua kwa kuambiwa na kwa kuwatazama watoto wengine. Anakumbuka fimbo za shuleni, na jinsi alivyomwomba Mungu asichapwe, na jinsi watu wazima, hata wazazi wake, walivyocheka maumivu yale. Anakumbuka alivyougua akiwa mtoto na kuomba Ubatizo, nao ukaahirishwa alipopata nafuu. Na anahoji, akiwa mtu mzima, kama kuahirisha kule kulimfaa. Na zaidi ya yote anakiri kwamba jina la Kristo aliingizwa tangu maziwa ya mama yake, kiasi kwamba hakuna kitabu cha wanafalsafa kilichoweza kumridhisha kabisa kama jina hilo halikuwamo. Kwa Augustino, basi, kuongoka siku ile bustanini kulikuwa ni kurudi kwenye kitu alichokijua kabla ya kujua kusema. Utoto wake una dhambi, naam, hata wivu wa kitoto na mapeari ya kuiba. Lakini Mungu hakosekani ndani yake.

Hatumsifu pasipo kumkosoa. Mwanamke aliyekaa naye miaka mingi na kumzalia Adeodatus hakutajwa jina, na hatujui alikorudi Afrika alipokea maneno gani. Baba yake, Patricius, anapita kama kivuli. Wasomaji wa leo wana haki ya kuuliza kama toba ya mwanamume inaweza kukamilika huku mwenzake katika jambo lile amebaki bila jina na bila neno.

Swali hilo linatuleta kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ni zito kuliko yote katika uhakiki wa ushuhuda: watu wengine waliomo ndani yake. Hakuna mtu anayeweza kusimulia nyumba yake bila kuwasimulia waliokuwa ndani. Mume anapotubu hadharani ugomvi wa nyumbani, mkewe ameketi upande wa kushoto pamoja na akina mama wengine, na watoto wake wako kwenye kwaya. Dhambi ni ya mume, lakini aibu inagawanywa. Binti anaposimulia kwamba mama yake alikwenda kwa mganga alipokosa mtoto wa kiume, yeye anapata Amina, na mama yake anapata macho ya watu sokoni. Augustino naye alitoa siri ya mama yake: kwamba Monika alipokuwa msichana alionja mvinyo kila alipotumwa kuuteka, mpaka mjakazi akamsuta. Lakini tazama jinsi alivyofanya. Siri ile Monika mwenyewe alimsimulia mwanawe. Mwana aliiandika miaka kama kumi baada ya mama kufa kule Ostia mwaka 387. Aliiandika ndani ya sala ya shukrani, ili aonyeshe jinsi Mungu alivyomponya msichana yule kwa ulimi mkali wa mjakazi. Ruhusa, muda, na kusudi: mambo yote matatu yapo. Katika mikutano yetu mara nyingi hata moja halipo, na mchungaji anayeongoza hana utaratibu wa kumwuliza msemaji, kabla hajashika kipaza sauti, ni nani mwingine atakayetajwa.

Luther anatupa mfano wa namna nyingine kabisa. Mazungumzo ya Mezani si kitabu alichokiandika. Ni maneno yaliyoandikwa na wanafunzi na wageni waliokula nyumbani kwake Wittenberg, katika jengo lililokuwa monasteri ya Waaugustino, ambamo yeye na Katharina von Bora, waliooana mwaka 1525, walilea watoto wao. Conrad Cordatus alianza kuandika mwaka 1531, wengine wakamfuata, na Johannes Aurifaber akachapa mkusanyo mwaka 1566, miaka ishirini baada ya Luther kufa. Humo tunamkuta Luther akikumbuka kwamba mama yake alimchapa mpaka damu ikatoka kwa sababu ya kokwa moja tu, na papo hapo akiongeza kwamba wazazi wake walimtakia mema. Hakuna giza na nuru hapo. Kuna fimbo na upendo katika mkono mmoja, jambo ambalo msomaji wa Kiafrika analielewa upesi, na ambalo umbo la ushuhuda wetu haliwezi kulibeba. Tunamkuta pia mwaka 1542, binti yake Magdalena akifa akiwa na miaka kumi na mitatu, naye baba akikiri kwamba rohoni anafurahi lakini kwa jinsi ya mwili anahuzunika mno. Huo ni ushuhuda, nasi hatujui ulio mkubwa kuliko huo katika mapokeo yetu. Wala hauna siku ya kuokoka ndani yake.

Kasoro ya Mazungumzo ya Mezani ni waandishi wenyewe. Mwanafunzi huandika anachotaka kusikia. Aurifaber alipanga na kupamba, na wataalamu wametuonya tusimwamini katika kila neno. Tunalitaja hili kwa ajili ya wale wanaokusanya na kuchapa shuhuda za Wakristo wetu. Mzee anasimulia kwa Kihaya au Kichaga, mwinjilisti anaandika kwa Kiswahili, mhariri anafupisha, na mwisho wa safari mzee amekwisha kusema maneno yaleyale yaliyosemwa na mzee wa ukurasa uliotangulia.

Lakini kuna mwandishi mmoja aliyejua kunyamaza. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kanisa la Moravian kule Usafwa, aliandika masimulizi ya wanawake waliopitia utumwa kabla ya kufika misheni, na miongoni mwao ni bibi aliyeitwa Narwimba. Marcia Wright aliyaleta tena masimulizi hayo kwa wasomaji wa Kiingereza katika kitabu chake cha 1993 juu ya mikakati ya watumwa na wanawake. Anayemsoma Narwimba akitarajia ushuhuda wa kawaida atashangaa. Sehemu kubwa ya habari zake ni hangaiko la mjane anayetafuta mlinzi kwa ajili yake na watoto wake katika nchi ambayo mtu aliweza kuchukuliwa na kuuzwa. Misheni inaonekana humo kama mahali pa usalama kabla ya kuonekana kama mahali pa mafundisho. Wako watakaosema kwamba imani imekosekana. Sisi twaona kinyume: mwanamke huyu hakulazimishwa kuyaita maisha yake giza ili wokovu ung'ae, na kwa sababu hiyo wokovu unaonekana una miguu, una ukuta, una mlango wa kubisha. Ni hasara kwamba wanafunzi wetu wengi hawajawahi kumsoma.

Hasara ya pili ya ile sentensi moja tunaitaja kwa woga, lakini hatuna budi kuitaja. Nchi ile ambamo Uamsho ulichipuka ndiyo iliyoona mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Hatusemi kwamba Uamsho uliyaleta. Kulikuwa na ndugu waliokataa kutengana na ndugu zao, na wengine waliuawa kwa ajili hiyo. Lakini swali linabaki kwa kila mhakiki wa ushuhuda. Kwa miaka sitini watu walisimama na kutubu pombe, wizi na uzinzi. Ni mara ngapi mtu alisimama na kutubu yale aliyofundishwa akiwa mtoto, jioni, motoni, juu ya jirani wa kabila lingine? Dharau ya namna ile haianzi siku moja ya ujana, kama ulevi. Mtu huinywa mapema, pamoja na maziwa, kama Augustino alivyolinywa jina la Kristo. Ushuhuda unaoruka utoto unaruka shukrani, na unaruka pia dhambi ambazo tulirithi kabla hatujazichagua. Wala hili si la Rwanda peke yake. Kila mchungaji wa Tanzania au Kenya anajua mithali za ukoo wake juu ya ukoo wa pili, na anajua alizisikia wapi kwanza.

Maandiko yenyewe hayatufungi katika umbo moja. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 26, Mwisraeli anayeleta malimbuko anaagizwa kukiri imani yake, na ungamo lake ni historia ya ukoo: baba mhamaji, Misri, taabu, kilio, nchi. Yeye mwenyewe hana siku yoyote ya kusimulia; anasimama juu ya kumbukumbu ya wengine na kuiita yake. Timotheo anakumbushwa imani iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na kwamba tangu utoto ameyajua Maandiko. Hata Paulo, ambaye njia ya Dameski imefanywa kuwa kielelezo cha kila ushuhuda, habari zake zinasimuliwa mara tatu katika Matendo ya Mitume, na hazilingani kabisa. Katika sura ya 22, mbele ya Wayahudi, anataja alivyolelewa mjini na kufundishwa miguuni pa Gamalieli. Mbele ya Agripa, katika sura ya 26, anasisitiza ujana wake kama Farisayo. Kwa Wafilipi anahesabu tohara ya siku ya nane kuwa hasara; kwa Wagalatia anasema alitengwa tangu tumboni mwa mama yake. Mtu mmoja, utoto mmoja, na kila msikilizaji akapewa upande uliomfaa. Paulo hakuwa na ushuhuda wa kukariri.

Ajabu ni kwamba tunao utanzu mwingine unaofanya kosa lililo kinyume, nao ni wasifu wa marehemu unaosomwa mazishini. Humo kuna tarehe nyingi: alizaliwa, alibatizwa, alipata kipaimara, alifunga ndoa, aliugua, alipelekwa hospitali, akafariki, ameacha watoto na wajukuu kadhaa. Hakuna dhambi hata moja, wala toba, wala kicheko. Ushuhuda una dhambi bila nyumba. Wasifu una nyumba bila dhambi. Mkristo yuleyule, akisimama mkutanoni akiwa na miaka thelathini na kulazwa jenezani akiwa na sabini, hutokea kuwa watu wawili wasiojuana. Kati ya hao wawili yuko mtu tuliyemjua, aliyefundisha watoto wake kusali na kuwapunja wafanyakazi wake, aliyempenda mkewe na asiyezungumza na kaka yake kwa sababu ya kihamba. Huyo hasimuliwi popote.

Kwa upande wa kazi ya mchungaji, tunapendekeza mambo machache tu, kwa kuwa uhakiki haupaswi kujifanya sheria. Anayetayarisha mtu kwa ushuhuda amwulize: ni nani aliyekufundisha kusali, na alikuwa amekaa wapi? Swali hilo la mahali hufungua kumbukumbu ambazo swali la siku halizifungui. Amwulize pia ni nani atakayetajwa na kama amepewa ruhusa. Watoto wa kipaimara watumwe kwa babu na bibi zao wakaulize habari za ubatizo wao, wakaziandike kwa lugha ya nyumbani kama wanaijua, na mwalimu asizisahihishe.

Limebaki jambo moja ambalo hoja yetu yote inaweza kulifunika, nalo ni la wale ambao utoto wao ulikuwa giza kweli. Wapo katika kila usharika watu waliolelewa na baba mwenye cheo kanisani aliyepiga mpaka kuvunja, au waliotendewa nyumbani mambo yasiyotamkika, huku sala za jioni zikiendelea kama kawaida. Mtu wa namna hiyo anaposema kwamba ulikuwa Ukristo wa jina tu, hajaiga umbo. Amesema yote anayoweza kusema, na sentensi ile fupi ni pazia alilolishona mwenyewe. Mchungaji aliyesoma makala haya na kumdai kumbukumbu tamu za mama na nyimbo atakuwa amemjeruhi mara ya pili. Kwa sikio, sentensi za hao wawili hazitofautiani hata kwa neno. Anayezisikia zote mbili mkutanoni hana njia ya kuzitenga, ila kumtembelea kila mmoja nyumbani kwake, katikati ya juma, bila daftari.